Nilivyomrudisha kijana wangu darasani, hatua kwa hatua

Mtoro huvaa sare, akaaga, akaishia kwingine. Kijana wangu wa miaka 16 aliacha shule kwa hofu, si kwa utoro: hakutoka hata mlangoni. Saa kumi na mbili asubuhi tumbo lilimkata, akatapika, mikono ikawa baridi. Kufikia saa nne alikuwa mzima, na Jumamosi haumwi popote. Maumivu yanayofuata ratiba ya shule namna hiyo ni ya kweli kabisa, ila mara nyingi chanzo chake ni hofu.

Hata hivyo nilianzia zahanati: malaria, wingi wa damu, minyoo, macho. Usiruke hatua hii, kwa kuwa mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka vivyo hivyo. Majibu yalipotoka safi tulielekea kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti hapa Nakuru. Walichotaka kujua kwanza ni kama ni hofu peke yake au pia sonona, ile huzuni nzito inayokaa wiki mbili au zaidi, mtoto akaacha hata alivyovipenda, usingizi na hamu ya kula vikavurugika. Wangu alikuwa na hofu nyingi na sonona kidogo. Daktari alianza na mazungumzo, bila dawa. Kwa mtoto wako anaweza kuamua vinginevyo. Ukipewa dawa za sonona, jua zinahitaji wiki kadhaa kufanya kazi, mtoto aangaliwe kwa karibu zaidi wiki za mwanzo, na zisikatwe ghafla.

Niliambiwa pia nimuulize waziwazi: “Umewahi kufikiria kujiua?” Niliogopa kumtia wazo kichwani. Kuuliza hakutii wazo. Kunampa mlango wa kusema. Vidonge vyote na dawa ya kunyunyizia sukuma wiki nilivifungia kwenye sanduku siku hiyohiyo. Jibu likiwa ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.

Majirani walisema mchape, wengine mpeleke bweni. Kiboko kinaongeza kitu cha kuogopa, na shuleni kimekatazwa na sheria ya elimu ya msingi ya 2013. Bweni nalo linamkatia mtoto mwenye hofu njia ya kupumua, na hofu yenyewe anasafiri nayo.

Shuleni niliomba nusu saa na naibu wa mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha. Sikwenda kulalamika, nilikwenda na mambo manne kwenye karatasi. Mtu mmoja ampokee getini, awe huyohuyo kila siku. Asiulizwe mbele ya wenzake alikuwa wapi. Mitihani aliyoikosa isubiri wiki tatu. Akilemewa, aonyeshe kadi ndogo, atoke dakika 10 hadi ofisi ya ushauri, kisha arudi darasani, si nyumbani.

Halafu tukaanza ngazi, yaani hatua ndogondogo za kuizoea shule tena, kila moja ngumu kidogo kuliko iliyotangulia. Siku tatu za kwanza: kuvaa sare saa kumi na mbili na nusu, kutembea hadi steji ya boda, kurudi. Basi. Zilizofuata: kwenda hadi getini saa kumi na moja jioni, wanafunzi wakishatoka. Kisha asubuhi, kukaa kwenye benchi la askari. Kisha maktaba dakika 40, muda wa somo moja. Kisha somo moja analoliweza, kwake Kiswahili. Kisha hadi mapumziko ya chai, hadi chakula cha mchana, siku nzima. Gwaride la Jumatatu tuliliacha mwisho, maana kusimama mbele ya macho mengi ndiko kulikomtisha kuliko hesabu.

Kanuni iliyobeba kazi yote ni hii: asiondoke hofu ikiwa juu. Tuliipima 0 hadi 10 kwenye daftari. Siku ya kwanza ya benchi niliandika: kufika, 9. Dakika 10, 9. Dakika 25, 6. Dakika 40, 4. Alikuwa ameushika mkanda wa begi hadi vidole vikakosa damu, anavuta hewa kwa kuhesabu 4 na kuitoa kwa 6. Aliponiambia, “Mama, twende,” kwenye 9, nilimjibu, “Tutakwenda ikifika 5, mwanangu.” Ukimwondoa kwenye 9, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na kesho hofu inaanzia palepale au juu zaidi. Hatua ikimshinda siku mbili mfululizo, ni kubwa mno, igawe.

Siku za kubaki nyumbani zisiwe tamu. Kuanzia saa mbili hadi saa tisa hakuna simu wala televisheni: kuna madaftari, vyombo, kuku wa kulishwa. Simu ilizimwa saa tatu usiku na kuamka kukawa saa ileile hata Jumapili. Asubuhi, kikombe kimoja cha uji mapema, kwa sababu tumbo tupu lenye hofu hutapika haraka.

Tuliteleza mara mbili. Mara ya kwanza ni mimi: alilia Jumatatu moja, nikamwonea huruma nikamruhusu abaki, na siku hiyo moja ilitugharimu siku nne. Mara ya pili mwalimu mgeni, ambaye hakuambiwa mpango, alimwita mvivu mbele ya darasa, tukarudi benchini. Tangu hapo mwalimu wa ushauri humweleza kila mwalimu mpya kabla hajaingia darasani kwake. Kurudi siku nzima kulichukua wiki saba.

Likizo bado ni hatari. Siku tatu kabla ya kufungua tunaamka saa ya shule, anavaa sare, tunapanda boda hadi getini, tunakaa hadi namba ishuke, tunarudi.