Hata Atakapoachishwa Maziwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelifungua Neno nikiwa na uzito moyoni. Mtoto wetu wa tatu ana miezi mitano. Baba watoto anaona muda umefika nirudi sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwenye meza yangu ya mchele, maana biashara yake ya viazi imeyumba. Anachukua mzigo Isyonje kwa bei ya juu, gari likifika Dar es Salaam bei imeshaporomoka. "Mama, ada ya Januari tutaitoa wapi?" Hilo ndilo swali lake, na ni swali la haki. Mimi naona mtoto bado mchanga, na baridi hii ya Uyole ya mwezi wa saba si ya kumwacha na dada wa kazi tangu alfajiri mpaka giza liingie. Jumatatu usiku maneno yalituishia, tukalala kila mtu na ukimya wake.

Siku mbili baadaye dada mmoja wa kanisani akanifuata baada ya maombi ya akina mama. Yeye analia kwa kukatazwa. Amejifunza kushona, cherehani anayo, lakini mumewe amesema mke wake hatakaa kibarazani kwa watu kutafuta hela kana kwamba yeye ameshindwa kulisha nyumba. Kila asubuhi anaachiwa pesa ya mboga, na jioni anaulizwa chenji. Cherehani imefunikwa kitambaa.

Mimi nalilia kubaki, mwenzangu analilia kutoka. Nilikaa na vilio hivi viwili mbele za Mungu nikitafuta ni upande gani wenye haki, nikaona nimeuliza vibaya. Kwenye nyumba zote mbili neno la kazi ya mama lilikuwa limeshaamuliwa kabla mama hajafungua kinywa. Hapo ndipo Roho alinipeleka kwa Hana.

Habari ya Hana mnaijua, yule mke wa Elkana asiyekuwa na mtoto, aliyemlilia Mungu ampe mtoto wa kiume. Wengi tunaishia pale Shilo, midomo inacheza, sauti haisikiki, kuhani Eli anadhani mama wa watu amelewa. Lakini 1 Samweli 1 haikuishia hapo. Samweli akazaliwa, mwaka ukazunguka, Elkana na nyumba yake yote wakajiandaa kukwea kumtolea Bwana dhabihu ya mwaka. Ni ibada hiyo, si sherehe ya jirani. Hana akamwambia mumewe kwamba yeye hatakwea, hata mtoto atakapoachishwa maziwa, yaani mpaka aache kunyonya. Hapo ndipo atakapompeleka akae mbele za Bwana. Na Elkana akamjibu afanye aonavyo vema, angoje mpaka amwachishe, na Bwana alithibitishe neno lake.

Someni jibu hilo polepole, akina baba. Elkana hakuwa mwanamume asiye na sauti. Hesabu 30 inampa mume mamlaka ya kuitangua nadhiri ya mkewe siku ile anapoisikia. Hana aliweka nadhiri nzito kuliko zote, ya kumtoa kwa Bwana mtoto wa kiume, mtoto wa machozi. Neno moja tu la Elkana lingeivunja, na Sheria ingekuwa upande wake. Aliyashika mamlaka yote hayo mkononi, kisha akamwachia mkewe nafasi ya kufanya aonavyo vema.

Tena Elkana hakuzaliwa na moyo huo. Rudini mstari wa 8. Mkewe analia, hali chakula, naye anamwuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Alimpenda, hilo halina ubishi, sehemu yake ya nyama ilikuwa maalumu. Ila alijibu machozi ya mkewe kwa kujitaja yeye mwenyewe, na Biblia haikuandika kwamba Hana alimjibu lolote. Kati ya mstari wa 8 na mstari wa 23 mwanamume huyu amekua. Sasa mke anasema ana mpango, mume anasikiliza mpango mpaka mwisho, halafu anaubariki kwa jina la Bwana. Ndugu zangu, Mungu anaweza kukukuza hata kama ndoa yako ina miaka ishirini. Elkana alikuwa tayari ana wake wawili na nyumba iliyojaa watoto wa Penina alipojifunza kumsikiliza Hana!

Petro anasema jambo ambalo naogopa tunalisoma harusini tu: "Kadhalika ninyi waume, kaeni na wake zenu kwa akili." Mwisho wa mstari huo, 1 Petro 3:7, anataja sababu: kuomba kwenu kusizuiliwe. Baba, umefunga, umekesha, umepanda mlimani kuomba biashara ifunguke. Mkeo nyumbani ana jambo la miezi mitatu ambalo hujalisikiliza mpaka mwisho. Sisemi ndilo lililofunga biashara yako, bei ya viazi ina sababu zake nyingi. Nasema Neno limetaja wazi kitu kinachoweza kuzuia maombi, nacho kipo chumbani kwako, na wewe unakitafuta mlimani.

Wapo watakaonitajia Tito 2, wanawake wafanye kazi nyumbani mwao. Wapo watakaonitajia Mithali 31, yule mama anayeangalia shamba akalinunua na kuuza nguo za kitani. Yote ni Neno la Mungu, na mama wa Mithali alifanya vyote viwili. Nisingependa tugawane mistari kama silaha. Lidia aliuza rangi ya zambarau, Prisila alishona mahema na mumewe, Hana alikaa na mtoto wake, na mwaka kwa mwaka baadaye alimshonea Samweli kanzu ndogo. Bwana aliwapokea wote.

Na hapa kwetu, nani alimwona mama asiyefanya kazi? Bibi yangu kule Rungwe alikuwa na mgomba, maharage, mahindi, mtoto mgongoni na kuni kichwani. Babu alikuwa na kahawa, na fedha ya kahawa ilikuwa ya babu. Hakuna aliyemwuliza bibi kama anafanya kazi. Leo mwanamume anasimama mbele ya wageni anasema, "Mke wangu hana kazi, yupo tu nyumbani," na huyo mke ametoka kupalilia eka ya mahindi asubuhi hiyo hiyo. Maneno hayo yakome katika nyumba za waamini. Hata mahakama za dunia zimeliona: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sisi tuliofundishwa kwamba mume na mke ni warithi pamoja wa neema ya uzima, tunasubiri jaji atuambie?

Sasa niseme na wanawake wenzangu, maana nimewaangalia akina baba kwa muda mrefu na sisi tumekaa tunaitikia amina.

Tunaomba tusikilizwe, lakini wengi wetu tuna daftari ambalo mume hajawahi kuliona. Mikopo hii inayoitwa kausha damu imeingia mpaka kwenye viti vyetu vya kanisa. Mama anachukua laki tatu kwa siri, marejesho ni kila wiki, wiki moja mauzo yakilala anakopa kikundi cha pili alipe cha kwanza. Mume anakuja kujua siku wanakikundi wamekuja kubeba makochi na redio. Halafu tunamwambia mchungaji kwamba mume amebadilika, haniamini tena na kazi yangu. Dada yangu, ulipokopa bila yeye ulikuwa tayari umeacha kumwamini. Mithali 31:11 inasema moyo wa mumewe humwamini. Imani hiyo haijengwi juu ya siri.

Na akina baba mnaoficha mshahara, mnaojenga nyumba kijijini ambayo mama watoto ataisikia kwa shemeji, hamko salama zaidi. Unawezaje kumwambia mkeo arudi sokoni kwa sababu fedha haitoshi, na yeye hajui fedha iliyopo ni kiasi gani? Unawezaje kumkatalia asishone kwa sababu unamtosheleza, na hajawahi kuona unachopata? Leteni mezani kinachoingia na kinachodaiwa, vyote, na deni la nduguyo ulilomdhamini. Nyumba nyingi zinagombania kazi ya mama wakati ugonjwa ni fedha iliyofichwa. Tukishaona hesabu moja wote wawili, mara nyingine kazi ya mama itaonekana inahitajika kweli, na atakwenda kwa moyo. Mara nyingine itaonekana kwamba nauli, chakula cha sokoni na malipo ya dada wa kazi vinakula karibu faida yote, na mtoto ameachwa bure.

Hili nalisema kwa uchungu, maana linanihusu. Mama aliyeajiriwa amepewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Sisi wa meza za sokoni hatuna mwajiri wa kutupa siku hizo. Sisi tunapewa na waume zetu, au hatupewi na mtu. Kliniki wanatuambia maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, kisha kuendelea kunyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi. Mama wa sokoni atayafanyaje hayo kama nyumbani hakuna Elkana wa kumwambia angoje?

Sisemi kila mama angoje kama Hana. Yupo mjane, yupo aliyeachwa na watoto, akingoja wanalala njaa. Kwa hao Elkana ni sisi, kanisa. Tumwangalie mtoto wake saa chache, tumnunulie mchele hata kama kwa jirani ni nafuu kidogo.

Mimi na baba watoto tumekubaliana Jumamosi jioni, watoto wakishalala, tukae na daftari la mchele na la viazi, tuandike kila deni. Sijui tutaamuaje. Inawezekana nitarudi Mwanjelwa nusu siku, inawezekana tutauza kitu tungoje mpaka mtoto akae na kula vizuri. Tuombeeni kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka mwisho. Na yule dada wa cherehani mwombeeni, mumewe amekubali kuzungumza na mzee wa kanisa.

Alhamisi kwenye ibada ya akina mama tutasoma 1 Samweli 1 yote. Akina baba, safari hii njooni nanyi.