Kuvu rafiki kwenye kitalu changu

Msimu uliopita ugonjwa wa kinyausi ulinimalizia miche ya nyanya. Jioni naiacha imesimama, asubuhi naikuta imelala, shina limenywea pale pale linapogusana na udongo, laini kama uzi uliolowa. Niliumia sana.

Safari hii nimeanza na udongo wenyewe. Siku chache kabla ya kusia mbegu nilichanganya trikoderma na mboji iliyoiva, nikaitandaza kitaluni na kuhakikisha haikauki. Trikoderma nayo ni kuvu, ila huwinda kuvu nyingine: hujizungusha kwenye nyuzi za vimelea kama rizoktonia, kuvu inayoleta kinyausi, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta za seli zao, kisha hujilisha humo humo. Tena huwahi nafasi na chakula kwenye mizizi kabla adui hajafika.

Jana nimeng'oa mche mmoja kuangalia. Mizizi myeupe, imejaa vinyweleo, shina gumu. Nimeushika mkononi muda mrefu, jamani!

Mnaotaka kujaribu, trikoderma ni kinga, si tiba. Mche ukishalala hauamki. Imwagilieni jioni, maana jua kali huua spora zake, yaani chembe zake za kuzaliana, na msiichanganye na dawa za kuua kuvu, mtaiua yenyewe. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe juu ya majani, ni kazi nyingine; huko natumia mafuta ya mwarobaini na sabuni kidogo ili yachanganyike na maji.

Kesho kutwa nasia kitalu cha pili. Mboji iko tayari.