Windows 11 kwenye laptopu iliyokataliwa
Haya, imekubali! Laptopu yangu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 na TPM (chipu ya usalama) toleo la 1.2, wakati Windows 11 inadai TPM 2.0 na, kwa kawaida, kizazi cha 8 kwenda juu. Nikatengeneza fleshi ya kuwekea Windows kwa programu ya Rufus, nikaweka tiki pale pa kuondoa masharti ya TPM na Secure Boot (ulinzi wakati kompyuta inawaka). Faili zangu nilizihamishia diski ya nje kwanza, sina roho ngumu kiasi hicho. Kilichonitoa jasho ni wifi: ikoni haikuonekana kabisa hadi nilipoweka draiva (programu ya kuendeshea kifaa cha wifi) ya zamani ya Windows 10. Sasa inafanya kazi vizuri, ila feni inavuma muda wote. Masasisho ya kila mwezi yanaingia. Lile kubwa la mwaka nitaliweka mwenyewe, kwa fleshi tena.