Mashine yangu ya kupasua magogo, na kwa nini jeki ya tipa haikufaa

Ukisema unataka kutengeneza mashine ya haidroliki ya kupasua magogo, ushauri wa kwanza utakaopewa ni "tafuta jeki ya tipa." Hapa Mafinga nilipewa na mafundi wanne, kila mmoja kwa uhakika wa kuapa. Jeki ya tipa inajua kusukuma tu; inarudi kwa sababu bodi la lori linailalia. Ilaze juu ya chuma cha mashine uone: ikishatoka imetoka, na wewe utafute winchi ya kuirudisha. Halafu ni ya vipande vinavyochomoza kimoja ndani ya kingine, na kila kinachofuata ni chembamba kuliko kilichotangulia, kwa hiyo nguvu inapungua kadiri inavyorefuka. Kwa gogo la mlingoti lenye vifundo, nguvu inatakiwa hata mwisho wa safari.

Kinachotakiwa ni jeki ya pande mbili, yenye mlango wa mafuta mbele na nyuma. Nilichukua ya katapila la kuchimba mitaro, kwenye skrepa, laki tatu na kitu. Muuzaji alisema ni ya inchi 5 kwa sababu alipima nje. Unene wa ukuta wa bomba haumhusu.

Nilivyoipima ndani bila kuifungua nitaeleza taratibu, maana kazi hii ndiyo ninayojivunia kuliko kuchomelea kote. Vuta fimbo yote nje, simamisha jeki mlango wa nyuma ukiwa juu, jaza mafuta mpaka yamwagike. Funga hozi fupi kwenye mlango huo na uielekeze kwenye chupa za maji za lita moja. Acha mlango wa mbele wazi. Tia alama ya sentimita 10 kwenye fimbo, kisha isukumeni watu wawili mpaka alama iingie. Mafuta yaliyotoka, kwa mililita, yagawe kwa 10: hilo ndilo eneo la pistoni kwa sentimita za mraba. Mimi nilipata mililita 810, yaani sentimita za mraba 81, yaani kipenyo cha inchi 4. Muuzaji alitazama chupa, akanitazama mimi, bei ikashuka.

Kutoka hapo nguvu ni hesabu ya darasani. Presha ya bar 170 ni karibu kilo 173 kwa kila sentimita ya mraba; mara 81 unapata tani 14. Kwa magogo ya kipenyo cha sentimita 40, na yaliyokatwa urefu wa sentimita 40 vilevile, zinatosha. Urefu wa safari ya jeki yangu ni sentimita 60, fimbo milimita 50.

Injini ni ile ya dizeli ya silinda moja ya mashine ya kusaga, nguvu ya farasi (hp) 12, inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwenye injini niliweka pulei ya inchi 6, upande wa pampu inchi 8, pampu ikazunguka mara 1,500. Pampu ni ya gia, sentimita za ujazo 16 kwa mzunguko, kwa hiyo inatoa kama lita 23 kwa dakika ukishaondoa uvujaji wa ndani. Kwa bar 170 inakula karibu kilowati 8, na hp 12 ni kilowati 8.8. Anayekuuzia pampu ya cc (sentimita za ujazo) 32 "ili iwe na kasi" kwa injini hiyo hiyo anakuuzia injini ya kuzimika kwenye kila kifundo.

Kosa langu hapa lilikuwa kufunga pulei moja kwa moja kwenye shafti ya pampu. Mkanda unavuta shafti upande, na bushi za pampu ya gia hazikutengenezwa kubeba mvuto wa namna hiyo. Siku ya pili sili ilikuwa inatema mafuta. Dawa ni shafti ya kati juu ya beringi mbili za P206, pulei ikae hapo, kisha uiunganishe na pampu kwa kapling (kiungo cha shafti mbili) yenye raba ya nyota. Pampu ibaki na kazi ya kuzungushwa tu.

Sasa chuma cha mgongo, kile kirefu kinachobeba jeki ncha moja na kabari ncha nyingine. Nilikuwa na kipande cha umbo la I cha inchi 5, kizito kukinyanyua, na kila aliyekiona alikipiga teke akasema hiki hakipindi. Nikachomelea kabari upande mmoja na masikio ya jeki upande mwingine. Magogo ya paini yalipasuka vizuri mpaka nikaanza kujisifu. Kisha likaja gogo la mlingoti lililokauka, lenye kifundo cha tawi katikati. Geji ikapanda, injini ikabadilisha sauti, gogo likatulia tuli. Kilichosogea ni mgongo wa mashine. Ulinyanyuka katikati kama paka aliyeona mbwa. Nilipozima injini na kuvuta uzi toka ncha hadi ncha, mgongo ulikuwa umebaki na mpindo wa milimita 22 ambao haukurudi tena.

Jeki inasukuma ikiwa juu ya chuma. Katikati ya jeki palikuwa sentimita 10 juu ya uso wa chuma, ongeza sentimita 6 na kitu kufika katikati ya chuma chenyewe: umbali huo, sentimita 16 na kitu, ndio mkono wa kukipinda. Tani 14 kwa mkono huo ni karibu kilonyutoni-mita 22.5. Chuma cha I cha inchi 5 cha kilo 13 kwa mita kikipewa mzigo huo, ukijumlisha na mvuto wa moja kwa moja, kinapata mkazo wa karibu megapaskali 385, na chuma cha kawaida huanza kulegea kwenye 275 au chini ya hapo. Ulikuwa ujinga wa kuhesabika, na sikuwa nimeuhesabu.

Fundi mmoja akashauri nondo mbili za milimita 16 zichomelewe chini. Nikamsikiliza, sijui kwa nini. Kwenye mashine hii upande unaovutwa ni wa juu. Wa chini unabanwa, na nondo ndefu iliyoshikwa ncha mbili ikibanwa inatoka nje tu. Gogo lilelile, presha ileile, nondo zikaning'inia kama nyuzi za gitaa lililolegea. Tena kabari ilikuwa imeshalala nyuma kwa sababu ya mgongo kupinda, kwa hiyo magogo yakawa yanapanda juu na kuruka. Hapo niliacha.

Mgongo wa sasa ni I ya inchi 8, kilo 30 kwa mita, urefu mita 2. Mkono umeongezeka ukawa sentimita 20, lakini mkazo wote haufiki megapaskali 140. Gogo lile la kifundo lilipasuka, nami nikaliweka pembeni siku nzima ili walioshauri walione.

Jeki usiichomelee kwenye mgongo. Nyuma ishikwe na pini, yangu ni ya milimita 40 ya katapila lilelile. Mbele fimbo ishikwe na pini kwenye sahani inayoteleza juu ya mgongo, yenye kucha zinazokumbatia kingo za I kutoka chini. Gogo likikatwa mshazari linasukuma upande, na mzigo huo uende kwenye kucha, fimbo isiguswe.

Kabari nilianza na springi ya lori, kwa ugumu wake. Kiungo kikapasuka chenyewe usiku kwa baridi ya Julai, maana chuma kile kina kaboni nyingi na kilipoa haraka. Sahani ya kawaida ya milimita 25, kimo sentimita 25, imefanya kazi bila shida: vijiti vya kuchomelea vya 7018 vilivyokaushwa, mbavu mbili nyuma. Makali ya nyuzi 30 yanatosha, kwa kuwa yakishazama kidogo ni mabawa ya kabari, zile pande zinazopanuka, yanayoupasua mti. Nyuma ya makali panua taratibu mpaka sentimita 10. Mlingoti uupasue ukiwa mbichi, ukikauka unaubembeleza.

Tangi lita 40, matairi na ndoano sina la kusema. Hozi ya kunyonya iwe inchi 1 na robo na fupi. Pampu ikilia kama filimbi, inanyimwa mafuta. Ya presha nusu inchi, yenye matabaka mawili ya nyaya. Ya kurudishia robo tatu: fimbo inaporudi, mafuta yanayotoka nyuma ya pistoni ni kama lita 30 kwa dakika, mengi kuliko yanayoingia mbele. Tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie. Vipande vyake vinakwama kwenye vali. Mafuta ya haidroliki namba 46. Yakiwa kama maziwa yameingia maji, yakitoa povu yanavuta hewa.

Skrubu ya vali ya usalama, ile inayoachia mafuta presha ikizidi, ilegeze yote kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Peleka jeki mpaka mwisho bila gogo, shikilia mkono wa vali inayopeleka mafuta mbele au nyuma ya jeki, tazama geji, kaza robo mzunguko, rudia mpaka 170. Uvujaji utafute kwa kipande cha boksi. Mafuta ya presha hiyo yakitoka kwenye tundu la sindano yanaingia mwilini kupitia ngozi, na kidonda kinachoonekana kidogo ni cha kukimbizwa hospitali. Anayeweka gogo ndiye huyo huyo ashike mkono wa vali; ukigawa kazi kwa watu wawili, vidole vya mmoja viko chini ya amri ya mwingine.

Gharama, ukiacha injini niliyokuwa nayo, kama milioni mbili. I ya inchi 5 sikuitia.

Kwenda na kurudi kulichukua sekunde 23, na nyingi zilipotea jeki ikirudi mpaka nyuma kabisa wakati gogo ni sentimita 40. Vali yangu ina mkono unaojishika wakati wa kurudi na kujiachia presha ikipanda. Kwa hiyo nilifunga kizuizi kwa bolti juu ya mgongo, sentimita 15 kabla ya mwisho: sahani inagonga, presha inapanda, mkono unajiachia wenyewe. Sasa ni sekunde 17, na kipande cha chuma nilichotumia kilitoka kwenye ule mgongo uliopinda.