Trauti wa mtoni kipindi cha baridi, mimi nawapata hivi

Baridi ikiingia wavuvi wengi wanafungia fimbo zao za kuvulia ndani mpaka joto lirudi, mimi ndo kwanza natoka. Kitu kilichonifungua macho ni kwamba mwili wa samaki huyu trauti unafuata joto la maji, yakishuka chini ya nyuzi 5 hivi anapooza, hana nguvu ya kukimbiza mdudu, anahama kwenye maji ya kasi anaenda kutulia chini kabisa kwenye vina vyenye mkondo wa polepole. Basi mi huko ndo napeleka nzi wangu (chambo bandia kilichosukwa kwenye ndoana kuiga mdudu), na mito iliyofungwa uvuvi kwa msimu siigusi.

Nzi wenyewe nabeba wachache. Zebra Midge, nzi anayeiga usubi, namba 20 au 22 (namba ikipanda ndoana inazidi kuwa ndogo, hiyo ni ndogo kweli kweli) kwa sababu usubi wa mtoni unaendelea kutoka hata baridi ikiwa kali. Juu yake nafunga Pheasant Tail namba 16, ule wa Frank Sawyer, mtunza mto Avon kule Uingereza, yeye alisuka kwa manyoya ya mkia wa ndege aitwaye pheasant na waya wa shaba bila uzi, na hiyo waya ndo inauzamisha haraka.

Lakini jamani, kina ni muhimu kuliko nzi! Kiboya nakiweka juu ya nzi, umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji, nabana chubwi kadogo, narusha upande mkondo unakotoka halafu nanyanyua mshipi naulaza upande huohuo wa juu ili usimburute nzi, maana akiburutwa hata kidogo trauti anamwacha apite. Nisipogusa chini mara moja moja naongeza chubwi, nzi sibadilishi kwanza. Na napitisha palepale tena na tena, samaki wa baridi hafuati chakula, mpaka kimfikie mdomoni. Kiboya kikisita tu, navuta.

Alfajiri nalala zangu, naingia saa tano mpaka saa tisa mchana, maji yakipanda hata nyuzi moja wanaamka.

Na tafadhali, ukiona changarawe safi iliyong'aa kuliko sehemu zingine usikanyage, trauti kahawia wanataga kuelekea baridi na mayai yapo humo ndani. Mimi hapo nazunguka kwa nchi kavu, na samaki aliyekaa juu yake simtupii kabisa.