Saa Tatu ya Bibi

Mama alipokuja kututembelea Oakland, California, Juni 2019, alikuja na masanduku mawili na ombi moja. Masanduku yalikuwa na kanga, viungo, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo watu wa forodha waliigeuzageuza kama wameokota silaha. Ombi lilikuwa aione "ile miti". Miaka ya nyuma nilimpelekea kalenda yenye picha ya msitu wa redwudi, ile miti mirefu ya California, na kalenda ile ikabaki ukutani kwake Muheza hata miezi yake ilipokwisha.

Hamu yake haikuwa ya kitalii. Babu, ambaye mimi nimerithi jina lake (ndiyo maana mama huniita "baba"), alikuwa mpasua mbao kwenye milima ya Usambara. Mvule ukishalala, gogo linawekwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu, mwenzake anaingia chini, msumeno unapanda na kushuka katikati yao. Wa chini ndiye anayekula unga wa mbao. Mama alikuwa akiwapelekea uji asubuhi, na mpaka leo akiuona mti mkubwa jicho lake linaanza kwenye shina, linapanda mpaka tawi la kwanza, kisha anataja idadi ya mbao. Kivuli na ndege ni baadaye.

Basi Jumapili moja jioni tukakaa mezani kupanga safari. Nilisema tutakwenda Muir Woods, msitu wa redwudi ulio ng'ambo ya daraja la Golden Gate, si mbali, asubuhi kwenda na mchana kurudi. Mama akatoa kalamu. Mama hupanga matembezi kama anavyopanga shughuli ya harusi: chapati kumi na mbili, mayai ya kuchemsha, chai ya tangawizi chupa mbili, mkeka, ndimu ya kichefuchefu, panado, kanga ya akiba. Nikamwambia aongeze sweta. Akanitazama. "Juni baba, si mmesema ni kiangazi?" Nikamwambia kiangazi cha pwani hii ni cha kwenye karatasi.

Jambo moja halikuwa kwenye orodha yake, nalo ndilo gumu: maegesho. Tangu Januari 2018 huwezi kwenda na gari pale bila kukata nafasi mapema kwenye intaneti, na nafasi yenyewe ina saa yake. Isitoshe, bonde lile halina mtandao wa simu, kwa hiyo tiketi lazima uwe nayo tayari kabla hujafika. Kazi hiyo nikampa mpwa wangu, miaka kumi na minne, mzaliwa wa Oakland, vidole vyepesi. Akamuuliza bibi yake, "Bibi, unataka saa ngapi?"

"Saa tatu tuwe tumeshafika."

Akabonyeza, akalipa kwa kadi yangu, akanitumia. Nikaichapisha kazini kesho yake, nikaikunja bila kuisoma. Kosa hili ni langu, nalisema mapema.

Siku ya safari tuliondoka alfajiri. Golden Gate tulilipita bila kuliona. Ukungu ulikuwa umeacha miguu tu ya ile minara myekundu, mama akasema daraja gani hili halina juu. Baadaye barabara ikaanza kujipinda milimani, kona kwa kona, akaitoa ndimu akainusa. "Kama kupanda Amani kule Usambara," akasema, na kwa sauti ile nilijua ameshafurahi.

Kijana wa maegesho akaipiga tiketi kwa mashine yake, mashine ikalia vibaya. Akanionyesha mstari kwa kidole. Saa tisa alasiri. Saa yangu ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi. Akatueleza kwa adabu kwamba hana la kufanya, nyuma yetu kuna foleni, turudi wakati wetu.

Nikageuka kumtazama mpwa wangu kwenye kiti cha nyuma.

"Mjomba, bibi alisema saa tatu! Nikaona tatu ni tatu. Tatu ya usiku wamefunga, nikachukua ya mchana."

Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Mtoto tumemfundisha Kiswahili chote, salamu, ngeli, mpaka vitendawili, hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Haya, twende tukale. Chapati hazijui saa."

Tukashuka mpaka Muir Beach, kilomita kama tano hivi. Upepo wa Pasifiki ulikuwa unakata. Tulikaa kwenye mkeka, mama ndani ya sweta mbili, yangu na yake, akaimaliza chupa ya kwanza ya chai. Akasali Adhuhuri nyuma ya gari ajikinge na upepo. Mpwa wangu alimchorea saa mchangani, bibi akamfundisha: mkono mkubwa uache ulipo, mkono mdogo utazame ng'ambo yake. Tisa inatazamana na tatu.

Saa tisa tulirudi. Mlangoni watu wazima hulipa dola 15 na walio chini ya miaka kumi na sita huingia bure. Mama akanung'unika kwamba mahali pa kuenzi uzee wenye uzee hawapunguziwi. Halafu tukakuta kibao: chakula hakiruhusiwi msituni. Hata tungeingia asubuhi, mpango wake wa kutandika mkeka chini ya mti ungekufa palepale.

Karibu na lango kuna kipande cha gogo kilichokatwa, kimesimamishwa, pete zake zimewekwa alama za miaka. Wageni wengine walikuwa wanatafuta tarehe. Mama aliinama akatazama uso wa mbao, akapitisha kiganja hewani bila kugusa. "Aliyekata huu alikuwa na msumeno mkali."

Ndani palikuwa kimya na baridi, mwanga unashuka vipande vipande. Mingi ya miti mikubwa pale ina kati ya miaka 600 na 800, na mrefu kuliko yote unapita mita 70. Mama alitafuta tawi la kwanza, shingo ikagoma. Nilisubiri idadi ya mbao. Hakutaja.

Mpwa wangu nikamsimulia, bibi yake akisikiliza, kwamba bonde hili liliponea chupuchupu. Kwingine kwingi pwani hii miti ilipasuliwa, na mbao zikatakiwa zaidi San Francisco ilipohitaji kujengwa upya baada ya tetemeko na moto wa 1906. William Kent na mkewe Elizabeth walikuwa wamelinunua mwaka 1905 kwa dola 45,000, na kampuni ya maji ilipotaka kulizamisha kwa bwawa, wakaipa serikali ekari 295. Rais Theodore Roosevelt akatia saini Januari 1908, msitu ukawa hifadhi.

"Alikuwa na hela," mama akasema. "Babu yako alikuwa na watoto saba."

Mahali mti mmoja ulipoanguka wameukata kupisha njia. Pale alisimama muda mrefu. Akaanza kuupima kwa shubiri kutoka gome hadi gome, akihesabu kwa Kibondei, lugha ambayo hakuwa akiisema mbele yetu. Alipofika mwisho akanusa vidole. Sikumuuliza ngapi.

Nyumba tunayopanga ni ya zamani, na mwenye nyumba aliwahi kuniambia kuta zake ni za redwudi, rangi imepakwa juu. Sikuwa nimemwambia mama. Usiku ule, watu wamelala, nikamsikia amesimama kwenye ukumbi, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole. Akagonga, akasikiliza. Akasogea hatua moja, akagonga tena.