Siku Eddy Alipopigwa Marufuku Kadutu

Karibu na soko la Kadutu, mjini Bukavu, palikuwa na chumba cha mbao ambamo bwana mmoja, tuliyemwita sote Yaya, alikodisha PlayStation mbili, mashine za michezo ya video, kwa vijana wa mtaa. Aliyeshinda alibaki na maneti, yaani kifaa cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea, aliyeshindwa alimpisha mwingine na kulipa tena akitaka kurudi, nami nilikuwa miongoni mwa waliolipa sana. Sikujua mpangilio wa pigo lolote wala sikuwa na hamu ya kujifunza. Ilinitosha kuona watu wakirushana kwenye skrini kwa kazi ya vidole vyangu.

Tulicheza Tekken 3, mchezo wa video wa kupigana wawili wawili, uliotolewa na Namco kwa PlayStation mwaka 1998. Humo vitufe vinne huongoza viungo vinne, yaani mikono miwili na miguu miwili, kwa hiyo hata asiyejua kitu huona papo hapo alichokifanya.

Jumamosi moja ya mvua kijana aliyekuwa akijifunza ufundi wa magari alikuwa amewashinda wote kwa kumtumia Jin Kazama, mmoja wa wapiganaji wa mchezo huo. Zamu yangu ilipofika nilimchagua Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa capoeira, sanaa ya mapigano inayofanana na ngoma, nikaanza kufinya vile vitufe viwili vya miguu bila kupumzika. Kwa Eddy kila teke huzaa jingine: mara anasimama kwa mikono, mara analala chini, mara anapiga kifundo cha mguu, mara kichwa, na anayejikinga hulazimika kukisia kila wakati kama asimame au ainame. Fundi yule alizoea kusoma nia ya mpinzani, na mimi sikuwa na nia yoyote ya kusomwa. (Capoeira ilibuniwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil, wengi wao kutoka pande za Kongo na Angola, siku hiyo sikulijua hilo, na lisingenisaidia kitu.) Jin akaanguka, akaanguka tena.

“Yaya, huyu hachezi, anafinya tu!” fundi alilalamika, na wenzake wakatishia kuhamia chumba cha ng’ambo ya barabara. Nadhani ni tishio hilo, wala si haki, lililomfanya Yaya achukue chaki na kuandika mlangoni kwamba Eddy ni marufuku.

Nikamchukua King, mpiga mieleka mwenye kinyago cha kichwa cha jagwa, mnyama anayefanana na chui, nikashindwa upesi, ingawa katikati alimbeba Jin na kumbwaga chini kwa namna ambayo hadi leo sijui niliisababishaje, nikacheka kwa sauti peke yangu. Kisha nikalipa tena na kupeleka alama ya kuchagulia juu ya sura ya Eddy. Chumba kizima kikapiga kelele. Nikabonyeza Start, kama nilivyoonyeshwa na mtoto mmoja wa jirani, na akatokea Tiger, mcheza disko mwenye nywele nyingi za afro, ambaye mapigo yake yote ni yale yale ya Eddy.

Yaya alitazama mlango, akatazama skrini. “Niliandika Eddy,” akasema. “Tiger sikumwandika.”

Fundi alisogeza kiti chake mbele. Tulicheza mpaka jenereta ikaishiwa mafuta, na kwa kuwa sasa alikuwa ameanza kujua lini ainame, alinishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda.